Kwa wanangu wa baraza la Kibokoni

Wanangu, assalaam alaykum.

Kila jioni mnakunywa kahawa chungu chini ya dirisha langu, nami nimejilaza juu najifanya sisikii. Juzi mmoja wenu alisema hakwenda matangani kwa sahibu yake. "Nimemtumia ujumbe, yatosha. Mimi siwezi kuona watu wakilia." Mwengine ana mwaka hajasema na babake. Mkacheka. Ndipo nikashika kalamu, maana huko kutoweza nakujua kuliko nyinyi.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, hapa kwetu Mombasa, ilipinduka, watu 272 wakafa. Mimi sikuwamo. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama ufuoni kungojea miili, na niliyoyaona siyaandiki hapa. Tangu siku ile sikukanyaga feri yoyote. Na dada yangu kaolewa Likoni, ng'ambo ya maji, na enzi hizo hakukuwa na barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia. Arusi ya mwanawe nikatuma mkono na udhuru wa mgongo. Mumewe alipofariki nilifika hadi mteremkoni, nikayaona maji, nikarudi nyumbani. Dada hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Woga una hila. Kila ukiukimbia hukupa raha ya papo hapo, na raha hiyo ndiyo chakula chake. Mgongo wangu, wallahi, ulikuja kuuma kweli kila nikialikwa Likoni!

Nilianza kidogo kidogo. Wiki nzima nilishuka tu pale mteremkoni, nikanunua dafu, nikatazama watu wakimiminika. Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hivyo hata udhuru wa nauli sikuwa nao. Siku ya kupanda nilishika chuma hadi vidole vikafa ganzi. Kufika Likoni nikageuka, nikavuka tena, na tena, kwa sababu moyo ulikuwa bado wadunda na sikutaka kwenda nao nyumbani vile. Safari ya nne nikajikuta nasikiliza kina mama wawili wakibishana bei ya maembe.

Sisemi mjitose. Mwenye jeraha bichi, au asiyepata usingizi, atafute wa kumshika mkono. Hospitalini wako washauri wa mambo hayo, wala si aibu. Lakini wewe wa matangani, huna jeraha, una muhali tu. Nenda kakae mkekani. Hutakiwi kusema kitu. Wakilia, nawe tumbo likikukaza, kaa, usikimbilie simu. Na wewe wa babako, usianze na yale makubwa mliyogombania. Mpitie baada ya Ijumaa, umuamkie, uondoke. Wiki ijayo tena.

Mimi maji hayakuwa kazi. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya dada niseme, "Niliogopa." Mwanamume mzima, ndevu zishaingia mvi! Nilimaliza vikombe viwili vya chai neno halijatoka. Lilipotoka, aliniangalia kitambo.

"Nalijua," akasema. "Nilikungoja useme wewe, hata nikachoka."

Kisha akanimiminia cha tatu.

Babu yenu wa dirishani