Kichocho njia yake ni ngozi, siyo kikombe

Mhariri, salaam. Makala yenu ya kichocho nimeisoma yote na imeandikwa vizuri tu, ila pale mlipowaambia watu kinga ni kuchemsha maji ya kunywa mmetuharibia kazi, maana kichocho tulichonacho huku Lindi na Mtwara ni kile cha mkojo zaidi, na mlango wake mkubwa ni ngozi. Mtu anachemsha maji yake vizuri kabisa afu asubuhi anashuka zake mpungani kule bonde la Lukuledi, maji magotini, na anajiona kashajikinga!

Mi kazi yangu ni maabara, kwahiyo ngoja niwaeleze kidudu cha kichocho kinaingiaje. Kinatoka kwa konokono, sana sana mchana jua likiwaka, kina mkia, kinaogelea kutafuta mtu, na hakina meno wala sindano. Silaha yake ni vimeng'enya vya kukata protini, wataalam wanaviita proteasi. Kikishajibandika mguuni kinamwaga kimojawapo, elastasi, hicho kinakatakata protini zinazoshikilia ngozi, kidudu kinaacha mkia nje kinazama ndani, dakika chache tu kazi imeisha na wewe hata hujasikia, labda muwasho kidogo baadae.

Kikishakua kinakuwa mnyoo, kinakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, dume kamkumbatia jike, wanakunywa damu yako. Humo tumboni mwao kuna proteasi zingine, katepsini, ndo zinavunja hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, wapate chakula, na nyingi kati ya hizi ni ukoo mmoja na papaini, ile ya kwenye utomvu wa papai bichi ambalo wauza mishkaki wanapakia nyama ngumu ilainike. Mwaka 2007 watafiti wa San Francisco walichapisha kwamba panya wenye kichocho wakipewa kitu cha kuzuia hizo katepsini, kinaitwa K11777, minyoo inapungua sana. Ila hiyo ni panya, dukani hamna, msije mkaanza kuulizia.

Yai la hao minyoo sasa ndo lenye balaa. Lina mwiba nyuma, na lenyewe linatoa vimeng'enya vyake linapenya ukuta wa kibofu mpaka kwenye mkojo, ndo hiyo damu mnayoiona, na wapo wazee bado wanasema eti kijana anakua. Mkojo mzuri wa kupima ni wa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mayai yanatoka mengi, tena mgonjwa tunamwambia arukeruke kwanza, ukishauzungusha kwenye mashine unachukua tone la chini kabisa unaliweka kwenye kioo unaliona hilo hapo na kimwiba chake. Mengine hayatoki, yanabaki nyamani. Kwa wanawake yanafika mpaka shingo ya kizazi, dada wa watu anatibiwa magonjwa ya zinaa weee haponi, na mumewe anamshuku, kumbe ni mpunga tu.

Vidonge navyo. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga ya wiki chache inaponea, na haimzuii mtu kuambukizwa upya akirudi majini kesho yake. Sasa mtoto anapimwa urefu shuleni ijulikane ameze vidonge vingapi, anameza, mama yake aliyeko majini kutwa hapewi, na mdogo wake anayebebwa mpaka mtoni hapewi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unasema kabisa kwenye maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 na kuendelea watibiwe kuanzia miaka 2 mpaka watu wazima, mjamzito naye baada ya miezi mitatu ya kwanza. Hilo ndo mngeandika.

Na kuhusu maji mngewaambia watu hivi, kidudu kikikosa mtu siku moja mbili kinakufa, kwahiyo maji ya kuoga yakae kwenye pipa siku mbili bila konokono ndani, mpungani mtu avae mabuti, na watoto wasioge mtoni mchana wa jua kali.

Naomba msahihishe, na msahihisho wenyewe msiuchomeke chini ya matangazo ya minada, wekeni ukurasa uleule mlioweka makala. Afu mtume mwandishi kwenye halmashauri zetu akaulize watu wazima wa mpungani wanapewa lini vidonge, jibu mtuchapishie.

Msomaji wenu, Masasi