Kwako Somoe, kuhusu huu usingizi wangu

Mikindani, Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Hujambo? Watoto? Baba Nasri kifua kimemwachia? Sisi huku wazima, mimi nusu mzima. Ama baada ya salamu, naandika badala ya kupiga simu kwa sababu juzi uliponihadithia habari za Hadija na yule fundi cherehani nilicheka mpaka nikang'ata shuka. Wewe huko Lindi unacheka na tumbo lako zima, mimi huku nimekumbatia mto machozi yananitoka. Kwa hiyo simu basi kwanza, mpaka mshono huu wa operesheni ya tumbo ukomae.

Umeuliza nalalaje. Shoga, silali, naegemea. Kupasuliwa kwenyewe sikukujua, nusu kaputi ilinibeba nikiwa bado nawaangalia madaktari wanavaa glavu. Uvimbe umetoka, mwenyewe nilionyeshwa, sitakusimulia maana najua unapenda kusoma huku unakula. Ila habari ya usiku hakuna aliyenitajia. Mchana unapita: wageni, uji, maneno ya mnada wa korosho na nani kalipwa nani bado. Usiku ndipo unapojua tumbo lina kazi ngapi. Kukohoa ni tumbo. Kupiga chafya ni tumbo. Kuvuta shuka, kuchomekea chandarua, kumfukuza mbu aliyeingia ndani ya hicho chandarua, kote tumbo. Ukilala chali miguu umeinyoosha, mshono unavutika. Kifudifudi hata usiwaze.

Wodini nilidekezwa na kile kitanda cha kuzungusha mpini, kichwa kinapanda unavyotaka. Nilipotoka nikamkuta mama, aliyekuja kutoka Kitangari kuniuguza, kashatangulia nyumbani, kaniandalia kitanda cha kamba, teremka tukaze, kakikaza mwenyewe kwa mapenzi yote. Somoe, kitanda kile kinakumeza katikati. Kuingia unaingia, kutoka mpaka iitwe kamati. Usiku ule nilikodoa macho hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi shemeji yako akahamishia godoro kwenye kitanda cha mbao, akachukua kiti cha sebuleni akakipindua chini ya godoro upande wa kichwani, mgongo wa kiti ukafanya mteremko. Juu yake mito. Na mto mmoja chini ya magoti, huo ndio usiukose. Magoti yakikunjika kidogo tumbo linalegea, na mshono nao unanyamaza. Usiku huo nililala, Somoe. Nikakoroma, nimeambiwa.

Ubavu niliuweza baadaye, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine mbele ya tumbo lisining'inie. Hesabu hiyo mito uone nyumba hii imebakiwa na mingapi. Shemeji yako analalia suruali yake ya jinzi kaikunja.

Kuamka nako kuna elimu yake. Nesi mmoja, mtu wa Masasi, mkali lakini mwenye huruma, alinifundisha: usiinuke kwa kifua. Kunja magoti kwanza, ugeuke ubavu kama gogo, mabega na kiuno vije pamoja, ushushe miguu, halafu mikono ndiyo ikusukume ukae. Na ukitaka kukohoa, bana mto tumboni kwa mikono miwili. Hapo kwenye kukohoa hana mzaha, lazima uvute pumzi ndefu na ukohoe, mapafu yasije yakajaa makohozi. Dawa ya maumivu akasema nimeze kama nusu saa kabla ya kulala, nisisubiri mpaka nianze kuuma meno.

Ila nesi huyohuyo alinivunjia heshima. Kila akipita: "Mama, umeshatoa upepo?" Mbele ya wageni! Mbele ya shemeji yako! Siku moja mbele ya shehe aliyekuja kunisomea dua, naye masikini akaendelea kusoma macho chini. Siku upepo ulipotoka wodi nzima ilinipongeza, harusini kwangu sikupongezwa vile. Cheka wewe. Gesi ile ikikaa inakuchoma hadi mabegani, na hakuna mto wa kuituliza. Dawa yake kutembea, ndiyo maana walinisimamisha mapema nikiwalaani kimoyomoyo. Tena inasaidia damu isigande miguuni. Sasa kila jioni natoka na dera langu, mkono tumboni, polepole mpaka kwenye mkorosho wa jirani na kurudi, ndipo napanda kitandani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike hasa. Mama.

Mama anataka kunikanda. Maji ya moto, kitambaa, halafu anifunge tumbo na kanga kama mzazi, "matumbo yarudi mahali pake." Nimemwambia kidonda hiki kinatakiwa kikavu, hakikandwi. Nimemwambia nikibanwa hivyo hata pumzi ndefu sitaivuta. Ananitazama tu. Jana nimesinzia nikashtuka namwona kasimama mlangoni na sufuria inafuka moshi. Usingizi wenyewe wa kuokoteza, sasa nalala jicho moja liko wazi namlinda mama yangu mzazi! Ndoo ya maji hataki niiguse, hapo tunakubaliana, maana daktari kakataza vitu vizito wiki 6. Lakini kukandwa, kashikilia.

Wewe anakusikia. Tangu ulipomfuatilia malipo yake ya ufuta pale chama cha msingi cha ushirika, anaona kati yetu wawili mwenye akili ni wewe. Mpigie. Usimwambie amekosea, mwambie umesikia kwamba mshono ukilowa unaota usaha na mtu anarudishwa wodini. Anaogopa kurudi wodini kuliko mimi, alilala pale chini kwenye mkeka akiniuguza. Mpe kazi nyingine, huyu mtu bila kazi haponi. Mwambie anipikie mboga za majani na papai, choo kigumu nacho ni vita nyingine ambayo leo sitaieleza.

Na ile mito yako ya sufi bado unayo? Hii ya sponji kwa joto la huku nalala naelea kwenye jasho. Nipe miwili kwenye basi la asubuhi, shemeji yako ataipokea stendi. Mvua zimeanza huko? Ile kesi ya shamba la Mzee Chande imeishia wapi? Nasri anakuja likizo au mpaka Ramadhani? Na mama unampigia lini? Jaribu baada ya magharibi, simu yake mchana huizima kutunza chaji.

Wako,
Zuhura