Risala ya Klabu ya Uhifadhi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanyamapori Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Uhifadhi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tarehe 3 Machi tunaiadhimisha kwa sababu siku kama hii, mwaka 1973, mataifa yalitia saini mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka huu klabu yetu ilijiuliza swali moja: mshahara wa askari wa doria, mafuta ya boti yake na kazi ya mtaalamu anayehesabu ndege ziwani, nani hulipia?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu kubwa ya jibu tuliikuta kwenye leseni ya mwindaji na leseni ya mvuvi. Jambo hili lilizua mjadala mkali klabuni. Wapo wenzetu ambao hawawezi kukubali mnyama auawe halafu tuseme amehifadhiwa, na hisia zao tunaziheshimu. Lakini baada ya kusoma, wengi wetu tuliona kwamba uwindaji wa leseni na ujangili ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Mwenye leseni anajulikana. Amepewa msimu, eneo, aina ya mnyama na idadi asiyoruhusiwa kuivuka. Taarifa anayorudisha humsaidia mtaalamu kupanga idadi ya mwaka unaofuata, na ada yake humlipa askari anayemsaka jangili.

Mfano tulioufuatilia zaidi ni wa Marekani, kwa kuwa huko mambo yaliharibika kwanza kabla ya kurekebishwa. Njiwa msafiri, ndege aliyewahi kuruka kwa makundi ya mamilioni, aliwindwa bila kipimo hadi wa mwisho akafa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Bata mzinga wa porini naye alikuwa ametoweka katika majimbo mengi. Mwaka 1934 serikali ikaanzisha stempu ya bata: kila mwindaji wa ndege wa majini mwenye umri wa kuanzia miaka 16 lazima ainunue. Ilianza kwa dola 1, leo ni dola 25, na katika kila dola senti 98 huenda kununua au kukodi ardhi oevu kwa ajili ya hifadhi. Zaidi ya hekta milioni 2 zimepatikana kwa njia hiyo. Maji hayo hayaulizi nani analengwa na bunduki. Korongo, vyura na samaki wadogo wanaishi humo pia.

Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, na hapa, Mheshimiwa, ndipo tulipoona siri ya mafanikio. Kodi inayotozwa kwenye bunduki na risasi hugawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya watu wenye leseni. Ila jimbo halipati kitu mpaka litunge sheria yake kwamba ada za leseni hazitatumika kwa jambo lolote nje ya kuendesha idara ya wanyamapori. Likizichepusha, linapoteza haki ya mgawo mpaka lizirejeshe. Mwaka 1950 utaratibu huohuo ukapelekwa kwa wavuvi, kupitia kodi ya ndoano, fimbo za kuvulia na vifaa vingine. Fedha hizi zikawezesha, pamoja na mengine, kuwanasa bata mzinga wa porini kwa nyavu na kuwahamishia kwenye misitu waliyokuwa wametoweka. Sasa wanapatikana katika majimbo yote isipokuwa Alaska.

Kwa hiyo tunasema kwa uhakika: leseni peke yake haimwokoi mnyama. Kinachomwokoa ni sheria inayozuia fedha ya leseni isiingie kwenye mfuko mkuu wa serikali ikapotelea humo. Mwindaji anayejua kwamba ada yake imerudi porini hulipa kwa moyo, na huwa wa kwanza kumripoti jangili. Asiyejua hutafuta njia ya kukwepa, na hatuwezi kumlaumu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utaratibu huu una kasoro, nasi hatutaki kuzificha. Fedha ya wawindaji huelekea zaidi kwa wanyama wanaowindwa. Popo, tai mzoga na chura hubaki nyuma. Tena wawindaji wakipungua, mapato hushuka, wakati mbuga na mito vinahitaji ulinzi uleule. Jimbo la Missouri lilitafuta suluhisho mwaka 1976: wananchi walipiga kura kukubali nyongeza ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwenye kodi ya mauzo, kwa ajili ya uhifadhi. Anayenunua sabuni naye anachangia. Tuliupenda uamuzi huo, maana hewa safi na maji safi hatunufaiki navyo kwa leseni.

Tuna maombi mawili. La kwanza, kila ofisi inayotoa leseni za uwindaji na uvuvi ibandike ukutani, kila mwaka, kiasi kilichokusanywa na kazi kilichofanya, kwa lugha ambayo mvuvi wa kawaida ataielewa. La pili, klabu za wanafunzi ziruhusiwe kufuatana na wataalamu wanapohesabu ndege na samaki. Tuko tayari kubeba darubini, kuandika takwimu na kulowa matope. Baadhi yetu tunataka kazi hiyo iwe ajira yetu, na tungependa kuanza kuijifunza sasa.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kwa kutusikiliza.

Tunaomba kuwasilisha.