Mazabodi yangu haikufa

Mhariri,

Wiki iliyopita, kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, mwandishi wenu aliwashauri wasomaji kwamba kompyuta ikikataa kuwaka baada ya kubadilishiwa prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, basi mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imeungua na dawa yake ni kununua nyingine. Nilisoma nikiwa nimesimama dukani nikacheka peke yangu, mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwezi wa pili. Ningeyasikiliza, ningetoa shilingi 250,000 bure.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Nachapa karatasi za mizigo, mitihani ya shule, ratiba za mazishi. Kompyuta yangu ni ya zamani, ya soketi 775 (soketi ni kile kiti cha prosesa kwenye mazabodi), na prosesa yake, Pentium, ilikuwa imeanza kunitia aibu. Mteja analeta PDF ya kurasa 60, namwambia akanywe chai kwanza, anarudi bado inafunguka.

Mpwa wangu wa Kampala akaniletea Xeon E5450 kwa shilingi 60,000. Ni prosesa ya mwaka 2007 ambayo Intel waliitengeneza kwa ajili ya seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine nyingi: kori nne zinazofanya kazi kwa pamoja, kasi ya GHz 3.0, kache (kumbukumbu yake ya ndani) ya MB 12. Shida ni kwamba soketi yake ni 771, siyo 775. Vidoti viwili vya umeme vilivyo chini yake vimebadilishana nafasi, na vikato vya pembeni havilingani. Wauzaji huko Uchina wamepata ujanja: wanakata pembeni upya, halafu chini wanabandika stika ndogo kama punje ya mchele, yenye vijia viwili vya kuvusha umeme kutoka kidoti hiki hadi kile.

Fundi wa kwanza, wa hapa hapa mjini, akaipachika. Feni ikazunguka, skrini giza. "Mama, bodi imekwenda hii," akasema, na bei ya nyingine akaitaja palepale. Nikamwomba arudishe Pentium. Kompyuta ikawaka kama kawaida. Sasa ni maiti gani huyo anayefufuka ukimrudishia nguo zake za zamani? Nikampa ya soda, akaenda zake.

Fundi wa pili ni kijana Mnubi mwenye kibanda Tororo. Huyu, kabla hajagusa bisibisi, aliigeuza ile Xeon akaikagua chini kwa kamera ya simu. Stika ilikuwa imeteleza kidogo, chini ya milimita moja, ikagusa kidoti cha jirani. Akaing'oa kwa wembe, akapangusa kwa spiriti, akabandika ile ya akiba aliyotia muuzaji. Skrini ikawaka. Lakini kila tukiwasha, maandishi meupe yanasimama mbele yetu: mikrokodi imeshindwa kupakiwa, bonyeza F1 uendelee.

Nikasema haidhuru, F1 ni kitu gani? Nikaenda nayo nyumbani. Mhariri, mwisho wa muhula, mitihani ya shule mbili iko mezani, umeme ukakatika mara nne kwa siku moja. Kila ukirudi, msichana wangu wa dukani anaacha mteja anakimbilia F1. Siku aliyokuwa hayupo nikasahau, nikakaa kama robo saa nikiisubiri kompyuta ambayo nayo ilikuwa inanisubiri mimi. Nikarudi Tororo.

Huko ndiko nilikoelewa. Prosesa hutoka kiwandani na makosa yake madogo madogo. Marekebisho yake, ndiyo hiyo mikrokodi, hayakai ndani ya prosesa: umeme ukikatika yanafutika. Kwa hiyo baiosi, ile programu inayoamka kwanza kwenye mazabodi, hubeba furushi la mafaili ya prosesa inazozijua, na huyapakia upya kila kompyuta inapowashwa. Xeon yangu, iliyoandikwa SLBBM mgongoni, namba yake ya utambulisho ni 1067A. Kijana akafungua baiosi na kukuta 1067A imo tayari. Mwingine hapo angesema basi, bodi mbovu. Yeye akanyamaza, akapekua tena, kisha akapiga meza. Faili lililokuwemo lilikuwa la Core 2, prosesa za kompyuta za mezani. Namba ni moja, lakini kila faili lina pia alama ya aina ya mashine, na lenye alama ya seva halikuwemo. Ni kama mapacha wa jina moja la ukoo, kila mmoja na kitambulisho chake.

Alinakili kwanza baiosi ya zamani kwenye fleshi, akaongeza faili lililokosekana, halafu akakataa kuiandika kwenye chipu ya mazabodi mpaka kompyuta iwe kwenye inveta, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, hapo mazabodi inazimia kweli. Na hata hapo haifi: chipu yangu ya baiosi ina miguu minane, inachomoka, na kijana ana kijidude cheusi, CH341A, cha kuiandikia nje ya bodi. Akachukua 30,000. Tangu siku hiyo F1 sijaigusa.

Na msidhani ni mambo ya makumbusho tu. Mpwa wangu huyo huyo alipachika Ryzen 5 5500, prosesa ya AMD ya mwaka 2022, kwenye mazabodi ya aina ya B350 ya 2017. Soketi ni ile ile AM4, skrini giza. Akarudisha Ryzen yake ya zamani, akapakua baiosi mpya kwenye tovuti ya watengenezaji wa bodi, akaiandika, akapachika tena. Ikawaka. Baiosi ya 2017 ingemjuaje mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa?

Naomba mwandishi wenu asahihishe ushauri wake, kwa sababu kuna watu watalinunua gazeti na kwenda kutupa mazabodi nzima. Kama haniamini, akipita Busia aje. Pentium ninayo kwenye droo, na fleshi yenye baiosi ya zamani ninayo pia. Tutazibadilisha mbele yake.

Mwenye duka la kuchapa,
Busia, Uganda