Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TET: ubaguzi wa rangi ufundishwe kwa ramani na hesabu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: UBAGUZI WA RANGI KATIKA SOMO LA HISTORIA YA TANZANIA NA MAADILI

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Pili ubaguzi wa rangi ulikuwa wapi, atakujibu Afrika Kusini. Atakutajia Mandela, Soweto na tarehe 16 Juni 1976, na kama ni wa Morogoro huenda akaongeza Mazimbu, walikosomea vijana wa ANC. Hajakosea. Lakini muulize kwa nini Dodoma kuna Uzunguni na Uhindini, au kwa nini Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam iliachwa uwanja mtupu kati ya Kariakoo na majengo ya mjini, utaona anakutazama tu.

Sisi tunaoandika ni walimu wa Historia. Ombi letu ni moja: kiongozi cha mwalimu kiwe na sehemu inayoonyesha namna ubaguzi wa rangi ulivyofanya kazi hapa kwetu, kwa kanuni, ramani na hesabu, badala ya kuuacha uwe hadithi ya watu wabaya wa asili fulani. Vipindi sita vya dakika 40 vinatosha.

Tunajua hoja ya kupinga. Inasemwa kwamba mada hii itaamsha chuki na kuvunja umoja. Huko Marekani, tangu 2021, majimbo kadhaa yamepitisha sheria zinazowabana walimu wasiguse baadhi ya mambo ya rangi, kwa madai kwamba mtoto asije akajiona ana hatia kwa sababu ya ngozi yake. Hofu ya kwetu na ya kwao hazifanani, ila zote mbili zinasahau kwamba mtoto hamngoji mwalimu. Matusi ya rangi kama "gabacholi" na "golo" hakuyasoma kwenye kitabu cha kiada. Ameyasikia dukani na nyumbani, na ameshayatumia.

Tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko yote. Mwalimu anahitaji karatasi moja ya manila kwa kila kundi la wanafunzi sita na kalamu za rangi tatu. Achore pwani ya Dar es Salaam, bandari, Ocean Road, mitaa ya Uhindini, Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala. Kisha awape taarifa mbili tu: hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani ilikuwa ya Wazungu, na kanuni za ujenzi, tangu enzi za Wajerumani hadi za Waingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu kwa aina ya nyumba inayoruhusiwa. Kanda moja nyumba za Kizungu, ya pili majengo ya biashara na makazi, ya tatu nyumba za miti na udongo. Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuitenga kanda ya tatu, na sababu iliyotolewa ikawa afya. Wanafunzi wapake rangi, kisha wajibu swali hili: kanuni inataja aina ya nyumba wala haitaji mtu, imewezaje kutenganisha watu?

Kosa la kawaida hapa ni mwalimu kulijibu swali mwenyewe. Awaachie dakika kumi kamili, hata darasa likinyamaza. Walio mbali na Dar wachore mji wao. Mbeya ina Uhindini yake, na miji mingi ya zamani haikosi mtaa wa namna hiyo.

Hesabu ndiyo inayobeba uzito zaidi. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipangwa upya, viti 30 vya upande usio wa serikali vikagawanywa sawa: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Kwenye karatasi inaonekana haki tupu. Sasa iletwe sensa ya 1957: Waafrika takriban milioni 8.7, Waasia pamoja na Waarabu hawakufika laki moja, Wazungu takriban 20,000. Wanafunzi wagawanye wenyewe, kwa mkono, ubaoni. Kiti kimoja cha Mwafrika kinasimamia watu 870,000. Kiti kimoja cha Mzungu, watu 2,000. Kundi moja litafute uwiano na kupata 435. Darasa likiiona namba hiyo, hotuba ya mwalimu haina kazi tena.

Baada ya hapo Kura Tatu ieleweke. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, mmoja kwa kila rangi, la sivyo kura yake haikuhesabiwa. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua ishiriki au isusie. Mara nyingi tunaurukia uamuzi wa kushiriki na kumsifu Mwalimu Nyerere, basi. Hatukatai sifa, lakini Zuberi Mtemvu aliyepinga, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake, naye alikuwa na hoja, na mwanafunzi asiyeijua hoja hiyo hawezi kupima busara ya upande wa pili. Mjadala uligawe darasa: nusu wasuse, nusu washiriki, dakika kumi na tano, kisha wabadilishane pande. Kubadilishana pande ndiyo kinga. Bila hivyo mjadala hugeuka ugomvi wa watu badala ya hoja.

Hapo hapo mwalimu aunganishe na Oktoba 1961, pale Bungeni baadhi ya wabunge walipotaka uraia utolewe kwa rangi, na Nyerere akapinga kwa ukali hadi kutishia kujiuzulu. Vijana wengi hushangaa kusikia kwamba mjadala huo ulikuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, miezi miwili kabla ya Uhuru. Na kwa Kidato cha Nne tunapendekeza swali gumu zaidi: sheria ya 1971 ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 haikutaja rangi ya mtu, lakini waliopoteza wengi wao walikuwa Waasia. Ilikuwa sheria ya tabaka au ya rangi? Tusiwape jibu. Wakumbuke ile ramani.

Sasa utumwa, ambako mambo huharibika zaidi. Mwalimu anaandika ubaoni "Biashara ya utumwa ya Waarabu", anataja vipengele vitano, na macho yote yanamgeukia Salim wa dawati la tatu. Hakuna aliyekusudia, lakini Salim hatanyanyua tena mkono hadi muhula uishe. Kibaya zaidi ni igizo la mnada wa watumwa: mwenye ngozi nyeusi kuliko wote anateuliwa mtumwa, mweupe anateuliwa mnunuzi, darasa linacheka. Tunaomba kiongozi cha mwalimu kikataze igizo hilo kwa maneno ya wazi, kama maabara inavyokataza kuonja kemikali.

Badala yake lichorwe jedwali la kazi, si la asili za watu: aliyetoa mtaji, aliyeteka, aliyesafirisha, aliyenunua, aliyefaidi mwisho wa mnyororo. Likijazwa vizuri watatokea wakopeshaji wa Kihindi wa Unguja, watawala na wababe wa bara waliouza mateka, wenye misafara wa pwani, wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba, na Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa watumwa 1,000 kwa mwaka. Kisha tarehe: soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, hadhi ya utumwa Zanzibar ikafutwa 1897, Tanganyika 1922. Wajerumani, waliokuja wakijitangaza wakombozi, walitawala miongo mitatu bila kuufuta. Mwanafunzi aulizwe ni nani hasa aliyenufaika na ucheleweshaji huo. Jedwali halimsafishi mtu yeyote. Linamwondoa Salim kizimbani tu, mahali ambapo hakupaswa kuwekwa.

Kipindi kinachohitaji uangalifu wa pekee ni cha mafuvu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954 na liko Kalenga. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa koloni la Ujerumani Afrika Mashariki, 202 yakihusishwa na Tanzania, na machache yakapata ndugu walio hai kwa vipimo vya vinasaba. Novemba mwaka huo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea. Swali la kufundishia ni kwa nini Wajerumani waliyakusanya mafuvu hayo: walikuwa wakipima vichwa ili kuthibitisha ngazi za binadamu walizokwisha kuziamini. Mwalimu wa Baiolojia aingie hapa kwa nusu kipindi na utafiti wa 1972 wa mwanajenetiki Lewontin, ulioonyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, si kati ya jamii na jamii. Picha za mafuvu zisionyeshwe. Kalenga, Old Moshi na Songea, watoto walioketi darasani wanaweza kuwa wajukuu wa wenye mafuvu hayo.

Kipindi cha sita kiwe cha Katiba, Ibara ya 12 na 13, hasa 13(5) inayofafanua kubagua. Wanafunzi wachukue kanuni za ujenzi, viti 10-10-10 na shule zilizotengwa kwa rangi hadi mwisho wa 1961 (Azania ilikuwa ya Wahindi, Mkwawa ya Iringa ilianza kama shule ya Wazungu), wavipime kimoja kimoja kwa ibara hiyo.

Yote haya yatakufa kama mtihani hautabadilika. Swali la "Taja athari sita" linamlazimisha mwalimu arudi kwenye vipengele vya ubaoni. Tunapendekeza mkae na Baraza la Mitihani mkubaliane maswali ya aina hii: "Tumia takwimu za sensa ya 1957 kutathmini mgawanyo wa viti vya 1955 (alama 6)". Alama mbili za hesabu, nne za hoja; anayekokotoa bila kueleza asipate zaidi ya mbili.

Kuhusu gharama: kijitabu cha kurasa 24, bila picha za rangi, ramani mbili na jedwali moja, kinatosha, na kiwekwe pia kwenye maktaba mtandao yenu ili shule zichapishe zenyewe. Kifike kabla walimu hawajaandaa azimio la kazi la Januari. Kikija Machi kitalala kabatini. Tunaomba kijaribiwe kwanza kwenye shule za mijini zenye wanafunzi wa asili mchanganyiko, na za Unguja na Pemba kwa makubaliano na wenzenu wa Zanzibar, maana somo la utumwa na la 1964 lina uzito mwingine kule. Rasimu ya vipindi vyote sita tunayo, pamoja na maandalio ya somo, na tuko tayari kuileta ofisini kwako siku utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Walimu wa Historia