Wifi yangu, yale hayakuwa matanga

Shikamoo wifi.

Simu zangu hupokei, na kijana niliyemtuma kwako Ngamiani alirudi na jibu la "nimesikia" basi. Binti yako ameniambia haya ninayoandika humu huwa unayasoma. Haya, soma.

Idi imekaribia na lile neno bado liko kifuani. Kinachoniuma si pilau uliyokuja nayo. Pilau yako naipenda tangu nilipoolewa, na wewe ndiye uliyenifundisha kukaanga bizari nzima mpaka inukie ndipo itwangwe, mimi mtoto wa Lushoto niliyeshuka Tanga hata tui la kwanza na la pili siyatofautishi. Lililonikaa ni neno ulilolisema ulipofunua kawa.

Siku ile ya Idi mkeka ulikuwa umetandikwa, Mama kaegemea mto karibu na mlango apate upepo, mdogo wako, mume wangu, pembeni yake kanyoosha mguu wake wenye jongo. Mbaazi nilikuwa nimezilowesha kabla mwezi haujatangazwa, nikisema moyoni usipoonekana tutazilia daku. Nilipika pilau ya njegere na karoti. Kisamvu nilikiunga kwa karanga badala ya nazi. Biringanya nilizipika kwa ukwaju, chumvi kidogo sana, kwa sababu mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, na sisi kijiko hicho tunakimaliza kwenye kachumbari peke yake. Kulikuwa na fiwi, mtindi, na machungwa ya Muheza yameshamenywa. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri, swala ya Idi nimeisikia kwa kipaza sauti.

Ukafunua kawa la kwanza. La pili. La tatu. Ukacheka, ukasema: "Tumealikwa Idi au matanga?"

Watoto wakacheka kwa kuwa wewe umecheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika nanawisha watu, na maji yakaendelea kutiririka kwenye beseni wakati mikono imeshaondolewa. Ndipo ukamwambia mwanao akalete sufuria kwenye bajaji. Kumbe ulikuja nayo. Kumbe ulishasikia kwa watu kwamba nyama haipo, ukajiandaa, ukangoja mpaka makawa yafunuliwe.

Hapo nakubali kosa langu. Dada mmoja aliniandikia wiki hii akiuliza afanyeje, wakwe zake wanakuja sikukuu na nyumbani kwake wameacha nyama. Nilimjibu: waambie mapema, tena waambie wewe mwenyewe, wasisikie barabarani. Mimi sikufanya hivyo. Na ningekwambia, wifi, ungekuja? Jibu kwa haki. Ungepiga simu kwa Mama, Mama angenipigia mimi, na mimi ningeishia kununua kilo tano za ng'ombe ili jina langu lisichafuke, na mguu wa mdogo wako ungevimba vilevile. Ndiyo maana nilinyamaza. Sikunyamaza kwa dharau.

Ulisema Idi bila nyama si Idi. Nani kasema? Ya kuchinja ni ile ya Mfungo Tatu, wakati wa hija. Hii ya Mfungo Mosi, ya kumaliza Ramadhani, tunatoka kuitolea sadaka ya fitri, na fitri yenyewe tunatoa nafaka, pishi kwa kila kichwa. Asubuhi ile wewe mwenyewe uliwapimia mchele majirani zako.

Ukasema pia, mbele ya watu wote, kwamba mbaazi na maharage nayo yanaleta jongo, huo ugonjwa wa viungo unaomvimbisha mguu, kwa hiyo nampa mdogo wako sumu ileile kwa jina jingine. Hilo nililisoma usiku na mchana kabla yako. Ni kweli mbaazi zina purini, ile ambayo mwili ukiivunja inatoka asidi ya yuriki, na asidi ikizidi kwenye damu inaganda ndani ya kiungo, vichembe vyenye ncha kama sindano. Lakini kuna watafiti Marekani waliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, wakatoa majibu mwaka 2004: waliokula sana nyama na samaki ndio waliougua jongo zaidi. Waliokula mboga zenye purini hawakuugua zaidi ya wengine. Kwa wanywa maziwa, waliougua walikuwa wachache zaidi. Mtindi ule niliuweka kwa sababu hiyo, wewe ukauliza kama kuna mtoto mchanga nyumbani.

Daktari alipokuwa akitueleza hayo ya purini, na jinsi ilivyojaa kwenye maini na figo na dagaa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ni mimi. Aliyemvua kiatu ni mimi. Sikulaumu kwa kutokuwepo, una nyumba yako na maduka yako. Nasema tu kwamba sikuyatoa hewani.

Mdogo wako alikula pilau yako. Ulimpakulia kwa mkono wako, ukamchagulia minofu, ukasema "kula mdogo wangu, umekonda." Angekataaje? Wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Alikula akinitazama mimi.

Sasa nakuambia jambo usilolijua. Saa nane ya usiku kidole gumba chake cha mguu kilikuwa kimewaka. Hata shuka likigusa analia, mwanaume mzima. Mama alikuwa amelala kwetu usiku ule, akaamka, akaketi miguuni pake akiliinua shuka kwa vidole viwili lisimguse. Akakaa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Akaniambia, "Usimwambie dada yake, atajilaumu." Kisha akauliza kama mbaazi zimebaki. Nikampashia, akala kwenye kibakuli, palepale, mkono mmoja umeshika shuka.

Nililishika neno lake. Hata miezi minne haikupita, akatutoka.

Siku ya tatu ya msiba, masinia yalipoletwa, mimi na wewe tukajikuta sinia moja. Lilipofunuliwa, wali na maharage. Uliniangalia. Nilijua unachokumbuka na wewe ulijua ninachokumbuka. Ulimega tonge, ukalishika, ukalirudisha ukingoni mwa sinia. Nilitaka kukushika mkono, wifi. Wallahi nilitaka. Nikaogopa utadhani nakusuta kwenye msiba wa mama yako, kaburi lenyewe hata udongo haujakauka. Basi nikainuka nikaenda kuosha vyombo, na tangu hapo wewe huko na mimi huku, mji wenyewe huu mdogo, tunapishana sokoni Mgandini kila mtu anajifanya anachagua nyanya.

Mdogo wako anakuulizia. Mguu umetulia, anaendesha baiskeli mpaka Raskazone. Siku ya Idi atakaa mlangoni, mahali pa Mama, maana mto hatukuuondoa.

Najua nimeivunja ahadi ya Mama kwa kuyaandika haya, na nimeyaandika mahali ambapo wasiotuhusu nao wanasoma. Mlango ungekuwa wazi ningekuja kusema kwako.

Sufuria lako ninalo, nimelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Mbaazi nitazilowesha usiku wa mwezi kama mwaka ule. Njooni baada ya swala, na safari hii nakwambia mwenyewe, mapema: nyama haitakuwepo.