Kabla Hujalipia Fleti, Uliza Ada ya Mwezi

Mteja akija ofisini kwetu kutafuta fleti ya kununua hapa Mombasa, iwe Nyali, Kizingo au Tudor, huuliza bei, idadi ya vyumba, na kama bahari inaonekana. Sisi humwongezea swali ambalo madalali wengi hawalipendi: ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwezi, na inalipia nini hasa?

Jengo lenye huduma zote lina lifti, jenereta, bwawa la kuogelea, mabawabu wa mchana na usiku, wafagiaji na wazoa taka. Wanaolipia ni wenye fleti, hata yule aliyefunga mlango akarudi kazini Doha. Na Mombasa ina gharama zake. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo majengo mengi hutegemea kisima, na maji ya visima vya huku mara nyingi yana chumvi. Basi ama pawe na mtambo wa kuyasafisha, unaokula stima, ama boza liitwe kila mara. Upepo wa bahari nao hautulii: vyuma vya baraza huliwa na kutu, mashine za kupoza hewa hufa mapema, na lifti inataka fundi wa karibu.

Ndiyo maana ada ndogo kupita kiasi hututia wasiwasi kuliko ile kubwa. Uliza kama kuna akiba ya matengenezo makubwa. Omba hesabu za mwaka uliopita, uone na wangapi wana malimbikizo ya ada. Majirani wasipolipa, lifti husimama, na wewe wa ghorofa ya tisa utapandisha mtungi wa gesi kwa ngazi.

Halafu kuna hati ya umiliki. Pwani tumezoea nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwenyewe, kodi ya kiwanja juu yako. Fleti isiwe hivyo. Sheria ya Kenya iitwayo Sectional Properties Act ya 2020 inaruhusu kila fleti iwe na hati yake, pamoja na fungu la mwenyewe katika sehemu za pamoja kama ngazi na paa. Wamiliki wote huingia kwenye shirika la jengo, na wana kura. Ukipewa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu wa mtindo wa zamani, wakili wako aulize utageuzwa lini kuwa hati. Asiye raia wa Kenya hapati umiliki wa zaidi ya miaka 99.

Juu ya bei, weka kando ushuru wa stempu, 4% ya thamani kwa mali ya mjini, na malipo ya wakili.

Kazi yetu ni kusoma hesabu hizo na kulitembelea jengo jioni, watu wakiwa wamerudi, tufungue bomba la ghorofa ya juu na kuyaonja maji. Njoo na nakala ya hati na hesabu za jengo. Kama muuzaji amekataa kutoa hesabu, tuambie hilo kwanza.